Sakinisha, Weka au Piga? Uhakiki wa Mwongozo wa Kiswahili wa Kuingiza Mfumo Huria katika Kompyuta Ndogo

Utangulizi

Makala hii inakusudia kuhakiki matini moja fupi ambayo baadhi yetu katika Idara tunaifahamu: mwongozo wa kurasa nne wa kuingiza mfumo endeshi wa Debian katika kompyuta mpakato ndogo, uliotafsiriwa na wanafunzi wa mwaka wa pili katika somo la Tafsiri na kusahihishwa na mwandishi wa makala hii. Tafsiri hiyo ilipewa alama 16 kati ya 20. Majuma matatu baadaye mwanafunzi mwingine aliufuata mwongozo huo kama ulivyoandikwa, hatua kwa hatua, akapoteza sehemu kubwa ya data ya utafiti wake. Kwa hiyo hapa hatuhakiki kazi ya wanafunzi peke yao. Tunazihakiki pia zile alama 16.

Huenda msomaji akauliza: idara ya Kiswahili ina shughuli gani na mifumo ya kompyuta? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifikisha mwisho wa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Toleo lililofuata, Windows 11, linadai kichakataji cha biti 64, RAM ya GB 4, nafasi ya diski ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za wanafunzi wetu, ambazo aghalabu hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, hazifikii masharti hayo. Mwenye kompyuta ya namna hiyo ana njia tatu: aendelee na mfumo uliokwisha muda wake, anunue kompyuta nyingine, au aingize mfumo huria. Njia ya pili wengi hawana. Ndipo tulipoona kwamba mwongozo kwa Kiswahili ungekuwa zoezi zuri la tafsiri, na papo hapo ungekuwa msaada wa kweli.

Kompyuta tuliyoifanyia majaribio ilikuwa ya inchi 10, yenye kichakataji cha biti 32, RAM ya GB 1 na diski ya GB 160. Jamii hii ya kompyuta ilivuma kuanzia mwaka 2007, Asus ilipotoa Eee PC yenye kioo cha inchi 7 na hifadhi ya GB 4, nayo ilitoka kiwandani ikiwa na Linux. Jirani zetu wa Rwanda nao waliwagawia wanafunzi wa shule za msingi kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child, zaidi ya laki mbili, na hizo pia zilitumia Linux. Kwa mashine yetu ya biti 32 tulichagua Debian 12 ya mwaka 2023, kwa kuwa Ubuntu iliacha kutoa visakinishi vya kawaida vya biti 32 mwaka 2017, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha aina hiyo. Basi Linux katika kompyuta ndogo si jambo geni katika eneo letu. Jambo geni ni kuieleza kwa Kiswahili.

Huria si bure

Tuanze na sifa, kwani mwongozo una mema yake. Katika ukurasa wa kwanza wanafunzi walilazimika kueleza mfumo huria ni kitu gani, na hapo Kiswahili kilionyesha nguvu ambayo Kiingereza hakina. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, alitumia neno la Kiingereza lenye maana mbili, yaani kitu kilicho huru na kitu kisicholipiwa. Tangu wakati huo watetezi wa programu hizo wamelazimika kufafanua kila mara kwamba wanazungumzia uhuru na wala si bei: uhuru wa kuitumia programu, kuichunguza, kuisambaza na kuibadilisha. Mswahili hana haja ya ufafanuzi huo. Anazo "huru" na "bure", maneno mawili yasiyogongana, na tena analo la tatu, "huria", ambalo limekwisha kuzoeleka katika "soko huria" na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Wanafunzi walichagua "programu huria", nasi tunawapongeza.

Walipoteleza ni katika kichwa cha mwongozo, walipoandika kwa herufi kubwa kwamba mfumo huo ni "WA BURE". Bila shaka walitaka kuvutia wasomaji. Lakini "bure" katika Kiswahili haina maana ya kutolipa tu. Aliyehangaika bure amehangaika pasipo faida, na anayeitwa "mtu bure" hasifiwi. Kumwambia mwanafunzi aondoe mfumo unaouzwa aweke mfumo wa bure ni kumtilia shaka kabla hajaanza. Kosa hili ni dogo, lakini linatukumbusha kwamba neno huja na ukoo wake wote.

Kuhusu ukoo wa maneno, mwongozo ulipitwa na nafasi nzuri. Uliitaja Ubuntu, mfumo uliotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, kama jina la kigeni tu, lisilo na maelezo. Ilhali darasani humo humo tunafundisha shina la -ntu! "Ubuntu" ya lugha za Kinguni ndiyo "utu" ya Kiswahili. Ni "obuntu" ya Kiganda, ambayo wazee wetu huiongezea uzito wakisema "obuntubulamu". Katika Kinyarwanda "ubuntu" ni ukarimu, na kitu kinachotolewa "ku buntu" ni kitu kisicholipiwa. Mwalimu wa isimu angepata wapi mfano bora zaidi? Msomaji wa Kampala au Kigali angeona kwamba mfumo huu una jina la nyumbani, na hofu ingempungua.

Majina ya mashine

Juu ya majina ya mashine yenyewe hatutakawia, kwani mjadala wake ni wa zamani. Katika kurasa nne tumehesabu majina manne ya kitu kimoja: kompyuta ndogo, kompyuta mpakato, kipakatalishi na laptopu. Kila moja lina hoja yake. "Mpakato" na "kipakatalishi" yote yanatokana na kitenzi "pakata", yaani kumweka mtoto mapajani, nayo ni taswira nzuri. Shida ni kuyachanganya. Sisi tulio katika nchi jirani husoma vitabu vya Nairobi vyenye "tarakilishi" na vitabu vya Dar es Salaam vyenye "kompyuta", na mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu au ya nne hana namna ya kujua kama amepewa visawe au vitu viwili tofauti. Mzawa wa lugha huona utajiri mahali ambapo mwanafunzi wetu huona mtihani.

Vibaya zaidi ni pale neno moja linapobeba vitu viwili. Katika ukurasa wa pili tunaambiwa "chomeka kiendeshi", na maana yake ni flashi. Katika ukurasa wa tatu tunaambiwa "kama mtandao haufanyi kazi, tafuta kiendeshi", na hapa maana yake ni ile programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa cha mtandao. Msomaji mmoja alituambia alikwenda kutafuta flashi ya pili.

Sakinisha, weka au piga

Kitenzi kikuu cha mwongozo mzima ni "sakinisha". Neno hili limeenea katika simu na kompyuta zenye Kiswahili, na asili yake ni njema. "Sakini" ni kukaa mahali, na "maskani" ni makazi. Kusakinisha mfumo, basi, ni kuupa makazi ndani ya mashine. Taswira hii ni sahihi kabisa, kwa kuwa mfumo hautembelei kompyuta tu, unahamia. Unapewa nafasi ya kudumu katika diski, na kompyuta inapowashwa ndio unaopokea wageni.

Hata hivyo, taswira humsaidia anayeiona tu. Tulipowauliza wanafunzi ishirini wa darasa lile maana ya "sakini", watatu tu walijibu. Waliobaki walilijifunza "sakinisha" kama sauti, nao wakalichanganya na "sanidi", "sanifisha" na hata "sanifu". Katika ukurasa wa tatu wa mwongozo, "sanidi" na "sakinisha" yamebadilishana nafasi mara mbili, na mwandishi wa makala hii hakuona.

Wakati huohuo mafundi wa mitaani hawakungoja kamati. Fundi wa Tanzania husema anapiga Windows. Wapo wanaolicheka neno hili, lakini mwanafunzi wa sarufi hana sababu ya kucheka. Kiswahili hupiga pasi, hupiga rangi, hupiga picha, hupiga chapa na hupiga simu. Katika mifano hii yote kitenzi hiki hubeba kazi ya chombo, ambayo matokeo yake hubaki au hufika. Kupiga Windows kumefuata kanuni ya lugha pasipo kufundishwa. Nalo neno "weka", ambalo kila mtoto analijua, lingetosha katika sehemu nyingi za mwongozo.

Hatusemi kwamba "sakinisha" liachwe. Tunasema kwamba istilahi inapotumika kwa mara ya kwanza katika mwongozo iandamane na neno la kawaida: "sakinisha, yaani weka mfumo ndani ya diski ili ukae humo". Sentensi moja ya aina hiyo ingewaondolea wasomaji mashaka ya ukurasa mzima.

Ukuta na chumba

Sasa tunaingia mahali pazito. Ili mfumo upate makazi, diski hugawanywa sehemu. Sehemu moja yaweza kubaki na Windows na mafaili ya mwenyewe, na nyingine ikapewa Debian. Au diski nzima ikatolewa kwa mfumo mpya, na kila kilichokuwamo kikaondoka. Hakuna hatua nyingine katika kazi hii yote inayohitaji lugha safi kama hii. Ukikosea lugha ya kibodi utarekebisha. Ukikosea saa za eneo utarekebisha. Ukikosea hapa umeharibu.

Wanafunzi walitafsiri sehemu ya diski kwa neno "kizigeu". Walilipata katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, nasi tuliwapa alama kwa kulivumbua. Lakini hebu tulitazame. Kizigeu ni kile kiambaza au pazia linalotenga chumba na chumba. Neno la Kiingereza hubeba maana zote mbili, yaani kitenganishi na pande zilizotenganishwa. Katika diski linalotajwa ni chumba, na mtafsiri akachukua ukuta. Kwa hiyo mwongozo ukasema: "Futa kizigeu cha zamani, tengeneza kizigeu kipya." Kwa Mswahili sentensi hii ina maana nzuri tu: vunja ukuta wa zamani, jenga mwingine. Nani huweka vitu vyake ndani ya ukuta? Vitu vimo chumbani, navyo havijaguswa.

Hatua iliyofuata ilisema: "Umbiza diski." Hapa ndipo lilipo kosa kubwa kuliko yote. "Umbiza" linatokana na "umba", nalo hutumika vizuri katika kuandika barua: unaumbiza aya, unaumbiza kichwa cha habari, nayo matini inapendeza. Mwanafunzi aliyejifunza neno hili katika programu ya kuandikia amezoea kwamba kuumbiza hakupotezi hata herufi moja. Kisha neno lilelile analikuta katika diski, ambako kazi yake ni kuandaa mpango mpya wa kuhifadhia mafaili na kuyaacha ya zamani yasipatikane tena. Kitenzi cha kuumba kimetumika kwa kazi ya kufuta.

Halafu lipo swali la mwisho. Kisakinishi cha Debian, kabla hakijaigusa diski, huorodhesha sehemu zitakazofutwa, hutoa onyo kwamba data zilizomo zitaharibiwa, kisha huuliza kama kiandike mabadiliko hayo katika diski. Jibu linalotangulia kuchaguliwa ni Hapana, ili mtumiaji asipite kwa kubonyeza tu. Waliotengeneza kisakinishi walikuwa waangalifu. Wanafunzi wetu, kwa kubana nafasi, waliliacha onyo na kutafsiri swali peke yake: "Andika mabadiliko kwenye diski? Chagua Ndiyo." Neno kwa neno, tafsiri hiyo haina kosa. Lakini kwa mtu anayeshinda akiandika insha, kuandika mabadiliko ni kuyahifadhi.

Yaliyotokea

Mwanafunzi aliyeutumia mwongozo huo alitoka mashariki mwa Kongo. Alisomeshwa kwa Kifaransa, Kiingereza chake bado kichanga, na Kiswahili ndicho alichokitegemea katika mambo mengi ya hapa chuoni. Mwongozo uliagiza kila msomaji achague Kiingereza katika orodha ya lugha, ilhali Kifaransa kimo katika orodha hiyo. Hatukuwaza kwamba msomaji wetu aweza kuwa mtu mwingine asiye Mganda. Tena mwongozo ulitafsiri majina yote ya vitufe, ukaandika "Endelea", "Rudi" na "Ndiyo", wakati maneno yaliyokuwa katika kioo chake yalikuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo alihesabu mistari: mwongozo ukisema chaguo la pili, naye akachagua la pili.

Alipokuja ofisini aliweka kompyuta mezani ikiwa inawaka vizuri. Debian ilikuwa imekaa, safi, yenye kasi kuliko hapo awali.

"Mwalimu, mfumo umeingia," alisema. "Lakini mahojiano yangu siyaoni."

Nilimuuliza kama aliona onyo. Alisema aliona maandishi mengi ya Kiingereza, akatazama karatasi, karatasi ikasema kuandika mabadiliko. "Nilijua ninahifadhi, Mwalimu. Karatasi ni ya Idara."

Alikuwa amerekodi mahojiano 14 na wachuuzi wa soko la kwao juu ya msamiati wa biashara. Nakala za mahojiano 5 zilikuwa katika simu. Mengine 9 yalipotea. Wakati wa likizo alirudi kurekodi upya, akawapata wahojiwa 6. Watatu hakuwapata tena.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni lake, kwani mwenye kompyuta hapaswi kuigusa diski kabla ya kunakili mafaili yake kwingine. Ni kweli, na kila mwongozo wa kazi hii duniani huanza na onyo hilo. Wa kwetu pia ulikuwa nalo, katika mstari wa mwisho wa ukurasa wa nne, chini ya kichwa "Mengineyo". Mfasiri aliyeona kwamba onyo la kwanza laweza kuwekwa mwishoni alikuwa anatafsiri sentensi, na msahihishaji aliyepita hapo bila kutia alama nyekundu alikuwa anasahihisha sentensi.

Tunapima nini tunaposahihisha?

Hapa ndipo tunapofikia hoja ya makala hii. Tulipotoa alama 16 tulitumia vigezo vyetu vya kawaida: uaminifu kwa matini chanzi, usahihi wa sarufi, ufasaha na istilahi. Kwa vigezo hivyo kazi ilistahili. Upatanisho wa ngeli ulikuwa mzuri, na hapakuwa na neno la Kiingereza hata moja. Istilahi zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na kamusi ya kuitetea. Kigezo tusichokuwa nacho ni kile kimoja ambacho mwongozo umeandikwa kwa ajili yake: je, mtu akiufuata atafika?

Shairi halina deni hilo, wala riwaya haina. Mwongozo unalo. Uko karibu zaidi na maelezo ya kipimo cha dawa kuliko insha. Unasomwa na mtu ambaye mkono wake uko juu ya kitufe, na ubora wake uko katika kile ambacho mkono huo utafanya. Kwa kigezo hicho, "futa kila kitu kilichomo katika diski" ni Kiswahili bora kuliko "umbiza diski", na "chumba cha diski" ni bora kuliko "kizigeu", hata kama kamusi haijalisajili. Kwa kigezo hichohicho, agizo la "bofya kitufe kilicho chini ya dirisha" ni baya, kwa kuwa "chini ya dirisha" ni nje ya dirisha. Katika kompyuta ndogo zenye kioo cha nukta 1024 kwa 600, kitufe kweli huzama nje ya kioo, na mtumiaji hana budi kushikilia kitufe cha Alt na kulivuta dirisha juu kwa kipanya. Mwongozo haukulisema hilo, kwani matini chanzi iliandikwa kwa ajili ya vioo vikubwa na mfasiri hakuitazama mashine iliyo mbele yake.

Historia ya Kiswahili cha kompyuta inatufundisha jambo hilohilo. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili kwa jina la Jambo. Twaweza kulilaumu jina, kwani wajuzi wa lugha hawaamkiani kwa "jambo" tupu. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kuheshimiwa, nayo ilithibitisha kwamba istilahi zaweza kupatikana. Tangu wakati huo orodha za maneno zimeongezeka, na tafsiri za simu na tovuti zimekuwa nyingi. Kilichobaki nyuma ni kuyapima maneno hayo mikononi mwa watu, hasa watu wa pembezoni mwa lugha kama sisi.

Orodha ambayo hatumo

Kuna jambo moja tuliloligundua katika majaribio, ambalo Idara haipaswi kulinyamazia. Katika orodha ya lugha za kisakinishi cha Debian 12 tuliona Kiamhari, Kiwelshi, Kiairishi na Kibaski. Kiswahili hatukukiona. Mfumo wenyewe, ukishaingia, una mipangilio ya lugha na nchi, yaani mafaili madogo yanayouambia majina ya siku na miezi, sarafu na namna ya kuandika tarehe. Humo tulikuta Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania. Tulikuta Kiganda cha Uganda na Kinyarwanda cha Rwanda. Kiswahili cha Uganda hakimo.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya Kiswahili na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini ukiiambia mashine kwamba uko Uganda na unazungumza Kiswahili, inakutaka uchague kuwa Mkenya au Mtanzania.

Hakuna aliyetubagua. Faili hilo halimo kwa sababu hatujaliandika. Hiyo ndiyo maana kamili ya huria: mlango uko wazi, na aliye nje anaweza kuingia akiwa na kazi mkononi. Tafsiri za kisakinishi hufanywa na watu wa kujitolea, na faili la siku na miezi si refu kuliko zoezi la juma moja la mwaka wa kwanza. Idara inayofundisha Tafsiri, Isimu na Istilahi haiwezi kusema kwamba haina watu.

Hitimisho na mapendekezo

Katika makala hii tumejaribu kuonyesha kwamba mwongozo wetu ulishindwa katika maneno matatu, kizigeu, umbiza na andika, na kwamba kila moja lilipita mikononi mwa mwalimu bila kuzuiwa kwa kuwa lilikuwa Kiswahili sanifu. Tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, tafsiri yoyote ya mwongozo isipewe alama mpaka mtu ambaye hakushiriki kuiandika aifuate mbele ya darasa, katika mashine isiyo na kitu cha kupotea, na wafasiri wakae kimya wakitazama mahali anaposimama. Pili, istilahi ngumu iandamane na neno la kawaida inapotajwa mara ya kwanza, na kitu kimoja kiwe na jina moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tatu, maneno yaliyo katika kioo yaonyeshwe kama yalivyo katika kioo, na tafsiri ifuate. Nne, maonyo yatangulie. Tano, darasa la mwaka huu lianze kazi ya Kiswahili cha Uganda katika Debian, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya alama za somo.

Mwongozo wa zamani umeondolewa katika ubao wa matangazo. Mpya unaandaliwa, na mwanafunzi wetu wa Kongo amekubali kuwa msomaji wake wa kwanza. Sentensi yake ya kwanza ameiandika yeye mwenyewe, nasi hatukuigusa: "Kabla hujaanza, weka vitu vyako vyote mahali pengine, kwa sababu hapa vitapotea."

Hatujui tungeipa alama ngapi kwa vigezo vya zamani. Haina istilahi hata moja.